Imekufa Namna Gani?

Daftari lenyewe ni la shule, jalada la buluu lililojaa madoa ya oili. Hadi leo liko kwenye kisanduku cha mbele cha gari, pamoja na kipande cha waya kisichozidi urefu wa kidole na kitambaa ambacho zamani kilikuwa shati langu la kazini. Ukurasa wa kwanza umeandikwa hivi: "Jumatatu, saa kumi na mbili jioni, Feu Rouge. Imezima nikisimama. Imewaka palepale." Chini yake: "Jumatano, saa saba mchana, mlima wa Kadutu. Imezima ghafla. Haiwaki. Dakika 25." Laiti ningeanza kuandika mistari ya namna hiyo miezi mitatu kabla, dola zangu zingekuwa mfukoni, na mke wangu asingepata hadithi ya kuwachekeshea wenzake sokoni.

Gari ni Toyota Carina ya miaka ya 1990, ya petroli, gia za mkono, usukani kulia. Nililipata kwa mjomba alipohamia Uvira. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika sekondari moja hapa Bukavu. Mke wangu anauza vitenge soko la Kadutu. Asubuhi gari linabeba mizigo yake, halafu linanipeleka shule. Jioni safari inageuka. Si kazi nzito. Lakini asiyeijua Bukavu hawezi kuelewa uchungu wa injini kuzima hapa. Ukingoni mwa ziwa Kivu tayari uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo mji mzima ni kupanda na kushuka, rasi zinazoingia majini, vilima, mabonde, barabara zinazojikunja. Kwenye mji wa tambarare gari likizima unalisukuma kando. Likizima hapa, nyuma yako kuna pikipiki tatu, mama mwenye beseni la dagaa wa sambaza kichwani, na mteremko.

Kwetu injini ikizima tunasema motere imekale. Neno ni la Kifaransa, na Kifaransa hichohicho kinatupa kale nyingine: kipande cha mti au jiwe ambalo kijana huruka nalo chini kulitia nyuma ya gurudumu. Motere ikikale, tafuta kale. Mimi nilikuwa na jiwe langu mwenyewe nyuma ya kiti, na wanafunzi waliolisaidia gari langu kwa mabega wakaliita gari Prefe, yaani mkuu wa shule, kwa sababu likishakaa mahali halisogei kwa maneno.

Kabla ya daftari walipita mafundi watatu.

Wa kwanza, kijana mchangamfu, alifungua boneti akasema buji. Buji ndizo Watanzania huziita plagi. Zilikuwa zimechoka, sikatai. Akaweka nne mpya, gari likavuta vizuri zaidi, na kesho yake likazima tena Nyawera.

Wa pili alikuja na ushahidi, na ndiyo maana alinigharimu zaidi. Alisubiri gari lizime njiani, akaja na pikipiki, akachomoa buji moja: kavu, haina hata harufu ya petroli. Akaniambia nifungue swichi bila kupiga starta, akaegesha sikio kwenye kiti cha nyuma, juu ya tanki ambamo mna pampu ya petroli. Kimya. "Pompi imekufa, Mwalimu. Sikiliza weye mwenyewe, hailie." Nikasikiliza, na kweli haikulia. Dola 45 za pampu iliyotolewa kwenye gari bovu, kazi yake juu. Ile buji kavu na ule ukimya vilikuwa vya kweli kabisa. Uongo ulikuwa kwenye hitimisho, na mimi ninayewafundisha watoto tofauti ya mambo hayo mawili nikatoa pesa bila kuuliza swali.

Wa tatu alichomoa waya wa batri, akaenda kunywa chai, akarudi akaufunga. "Kompyuta ipumzike kidogo." Siku tatu gari halikuzima hata mara moja. Nilimsifia mtaani kama nabii. Siku ya nne, kwenye mlima uleule wa Kadutu, nikiwa na mizigo mitano na shemeji yangu aliyevaa suti ya harusi, ilikata. Shemeji alisukuma.

Na kuna siku lilizima katikati ya njia panda ya Essence. Mtaa huo unaitwa hivyo, na sisi petroli tunaiita esansi, kwa hiyo unaweza kukisia waendesha pikipiki walisema nini. Wote. Mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akidhani ni wa kwanza kulifikiria.

Ni mwalimu mwenzangu aliyenipeleka kwa mzee mmoja anayetengenezea magari kwenye kiwanja chenye mparachichi. Hakuna kibao wala ukuta. Kuna benchi, kreti ya chupa inayotumika kama kiti, na magari mawili yaliyokaa muda mrefu mpaka majani yamepita ndani ya magurudumu. Nilifungua boneti mwenyewe kwa haraka, nikaanza kumweleza: buji mpya, pampu imebadilishwa, batri ilichomolewa. Akanifungia boneti. Sikutia chumvi, aliifunga, akaketi kwenye kreti.

"Inakufaka namna gani?"

"Inakufa tu, Muzee. Inazima."

"Mutu anakufaka tu? Kuko mwenye kufa na njaa, kuko mwenye kukatwa kichwa. Ule wa njaa anatetemeka, anaombaomba, anaanguka pole pole. Ule wa kukatwa kichwa haagi mutu. Ya kwako ni gani?"

Nikajibu kwamba nadhani yote mawili. Akanitazama.

"Na kufufuka? Inafufukaka namna gani?"

Hapo sikuwa na jibu. Kila ilipozima nilikuwa napiga starta kama mtu anayegonga mlango wa choo, mpaka iwake au batri ichoke. Sikuwahi kutazama saa.

"Weye ni mwalimu," akasema. "Batoto unabapaka pointi mbele ya kusoma jibu?"

Akanirudisha nyumbani bila kugusa spana. Masharti yake yalikuwa mawili: nisibadilishe kitu chochote, na kila ikizima niandike mahali, saa, imekufaje na imefufukaje. Hakutaka pesa. Nilipanda gari nikiwa na hasira kidogo, nawaambieni ukweli, maana nilikuja kutafuta fundi nikapewa kazi ya nyumbani.

Ndani ya siku tisa gari lilizima mara 11. Nilipopiga mistari kama ninavyopiga ubaoni, mara hizo zikagawanyika zenyewe. Saba zilikuwa za kusimama: Feu Rouge, mlangoni pa shule, nyuma ya kamyo (lori), kila mara mguu ukiwa umetoka kwenye akseleta. Mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika unashuka, unatikisika kwenye 500, injini inatetemeka kama mtu mwenye malaria, inazima. Nikigusa starta, inawaka papo hapo. Taa za mbele zikiwa zimewashwa, inakuwa mbaya zaidi. Nne zilikuwa za aina nyingine kabisa: mchana, baada ya safari ndefu au kupanda mlima na mzigo, injini ikiwa na moto wake wote. Hakuna kutetemeka. Inakata kama taa ya chumba. Na hakuna starta inayosaidia. Ni kukaa dakika 20, 25, mara moja 30, halafu inawaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Jambo la maana kuliko yote kwenye daftari hilo halikuonwa na mimi. Tulikuwa tunatoka Panzi, tunapanda, gari likakata nikiwa bado kwenye gia ya tatu, magurudumu yanalibeba. Mke wangu akasema, "Papa Furaha, huu mushale umelala mbele ya gari kusimama." Nikamwambia anyamaze kwanza, nitafute pa kuegesha. Alinyamaza kwa namna ambayo waume wote wanaifahamu. Jioni, nikijaza daftari, maneno yake yakanirudia. Gari lilikuwa bado linatembea, klachi haijakanyagwa, maana yake injini ilikuwa bado inazungushwa na magurudumu. Mshale ungepaswa kushuka taratibu pamoja na mwendo. Badala yake ulianguka kwenye sifuri mara moja. Nikaandika: "Mshale umelala kwanza (mama kaona)."

Mzee aliposoma mstari huo alicheka, akaomba nimsalimie mama. Akanieleza kwa kuchora mchangani. Kwenye gari kama langu mshale ule hauhesabu mizunguko kwa kutazama injini. Unahesabu mapigo ya umeme wa kuwasha moto wa buji. Petroli ikikatika huku injini inazungushwa na magurudumu, mapigo ya umeme yanaendelea na mshale unashuka pamoja na gari. Mapigo yenyewe yakikatika, mshale unaanguka hapohapo. Kwa hiyo zile mara nne hazikuwa njaa. Zilikuwa kukatwa kichwa. Na zile saba? "Hizo ni njaa ya hewa. Gari yako iko na magonjwa mbili, Mwalimu. Kila fundi alikuwa anaponya moja, anakuta ingine ingali, anasema dawa yangu ni mbaya."

Hilo lilinikaa. Nilikuwa nimeshalaani buji mpya ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Tulianza na lile jepesi. Alitoa bomba la hewa linaloingia kwenye injini, na nyuma yake kikaonekana kile tunachokiita papio, sahani ya shaba inayofunguka unapokanyaga akseleta. Mguu ukitoka, sahani hiyo inajifunga karibu yote, na injini inabaki kupumua kupitia upenyo mdogo na njia ya pembeni yenye valvu yake, ile inayotunza relanti, yaani mzunguko wa injini mguu ukiwa nje ya akseleta. Kwangu kote kulikuwa na masizi meusi ya mafuta, kama sehemu ya chini ya sufuria inayopikiwa makaa. Yanatoka kwenye mvuke wa injini yenyewe, unaorudishwa kuchomwa upya. Miaka inapita, tabaka linaongezeka, upenyo unaziba. Unapokwenda huoni tofauti kwa sababu papio imefunguka. Unaposimama, injini inakosa pumzi. Ukiwasha taa, jenereta inaongeza mzigo, na pumzi iliyokuwa haba haitoshi tena. Alisugua kwa mswaki wa zamani na dawa ya kusafishia kabireta, mchirizi mweusi ukidondoka kwenye kopo, mpaka shaba ikaonekana. Alinionya nisiingize bisibisi hata siku moja: mkwaruzo mmoja kwenye ukingo na sahani haitafunga tena vizuri.

Kisha akawasha injini, akachukua koleo, akawa anabana mipira midogo ya hewa, ile mirija ya kwenye injini, mmoja baada ya mwingine huku akiitegea sikio. Alipobana mpira wa nne, mlio ulibadilika, relanti ikatulia. Akauchomoa na kuupinda mbele ya macho yangu: ufa mwembamba upande wa chini, usioonekana mpaka upinde. Kipande kipya cha mpira hakikufika hata bei ya chupa ya bia. Mshale ukakaa kwenye 750 bila kutikisika. Tangu siku hiyo halijawahi kunizimia Feu Rouge.

Ugonjwa wa pili ndio niliokuja kuupenda, kama mtu anavyoweza kupenda tatizo la hesabu lililomkosesha usingizi.

Chini ya boneti ya Toyota nyingi za miaka ile kuna kisanduku kidogo cheusi chenye kifuniko, na ndani yake vitundu vyenye herufi. Mzee alichukua kipande cha waya, akaunganisha kitundu cha TE1 na cha E1, akaniambia nifungue swichi bila kuwasha na nitazame taa ya injini kwenye tablo, dashibodi. Ikawaka mara moja. Ikapumzika. Ikawaka mara nne. Ikapumzika zaidi, ikaanza upya: moja, nne. "Soma, Mwalimu." Kumi na nne. Gari lilikuwa linajua ugonjwa wake muda wote huo na lilikuwa limeuandika. Kumbukumbu hiyo inakaa hai kwa umeme wa batri tu. Ukichomoa batri, inafutika. Yule fundi wa tatu, na chai yake, alikuwa amefuta barua kabla mtu hajaisoma. Siku tatu za neema nilizomsifia zilikuwa siku tatu za mvua na baridi.

Namba 14 kwenye gari hizo ina maana hii. Kompyuta inapotaka moto kwenye buji, inatuma amri kwa kifaa kinachoitwa moduli. Moduli inakata na kurudisha umeme wa bobini, ile wengine wanayoiita koili, na kila ikimaliza inarudisha jibu: nimefanya. Jibu lisiporudi mara kadhaa mfululizo, kompyuta inaandika 14 na inaacha kunyunyiza petroli, ili injini isijae mafuta mabichi yasiyochomwa.

Hapo ile buji kavu ikapata maelezo. Petroli haikuwa imekosekana, ilikuwa imekatazwa. Na ule ukimya wa pampu? Mzee alisogeza waya wake kwenye vitundu vingine viwili, FP na +B, na pampu ikaanza kuvuma chini ya kiti. Akautoa, ikanyamaza. Kwenye gari hizi, akasema, ukifungua swichi tu bila kupiga starta, pampu kwa kawaida hailii. Inasubiri injini izunguke. Ukimya ule hata gari zima kabisa linao. Nikakumbuka dola 45. Pampu yangu ya kwanza, iliyokuwa nzima, ilikwenda wapi, sikuuliza, na sasa naona aibu kuuliza.

Nilitaka ninunue moduli jioni ileile. Mzee akakataa. Namba inakuonyesha mtaa, akasema, haikuonyeshi nyumba: inaweza kuwa moduli, inaweza kuwa waya wake, inaweza kuwa plagi ya waya iliyolegea. Akataka kulikamata kosa likiwa linatendeka.

Basi kesho yake saa saba mchana tukapanda Kadutu, mimi, yeye, Prefe na bidoni la maji la lita tano. Tulipanda, tukashuka, tukapanda tena. Mara ya tatu ikakata. Nilikanyaga breki mara moja na kushikilia, nikavuta breki ya mkono. (Nilikuwa nimejifunza kwa hofu: injini ikizima, breki inabaki na akiba ya msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu, baada ya hapo pedeli inakuwa ngumu kama jiwe, ukipampu unaimaliza. Na ufunguo usiuchomoe gari likitembea, usukani utajifunga.) Mzee akashuka bila haraka, akaloweka kitambaa, akakikamua kwa nguvu mpaka kisidondoshe hata tone, akakifunga juu ya kipande cha alumini kilichofungwa kwa skrubu mbili kwenye ukuta wa chumba cha injini. Hiyo ndiyo moduli. Kwenye baadhi ya Toyota imo ndani ya delko yenyewe, ile inayogawa umeme wa buji. Kwangu iko kando, na hiyo ilikuwa bahati. Mvuke kidogo ukapanda. Watoto wakatuzunguka. Mmoja akauliza kama gari lina homa. Mzee akamjibu, "Ndiyo, mutoto wangu."

Dakika tatu. Nikapiga starta, ikawaka.

Nilishangilia. Yeye hakushangilia, akaniambia tuzunguke tena mpaka ife, na safari hii hatutaweka kitambaa. Ilipokata tulikaa tukila karanga. Dakika tano, haiwaki. Dakika kumi, haiwaki. Ndipo akaweka kitambaa, na haikupita muda ikawaka. Mimi nina diploma ya ualimu wa hesabu, na ni mzee wa kwenye kreti aliyekumbuka kufanya jaribio la pili ili kuhakikisha kwamba la kwanza halikuwa bahati.

Tukiwa chini ya mparachichi akaifungua. Nyuma yake, mahali inapogusana na chuma, kulikuwa na unga mweupe uliokauka na kupasuka. Zamani ulikuwa kama losheni, kazi yake kupitisha joto kutoka kwenye moduli kwenda kwenye chuma cha gari. Ukikauka, joto linabaki ndani. Nilipiga hesabu kwenye daftari: injini ya silinda nne inataka moto mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, moduli inakata na kurudisha umeme mara 6,000 kila dakika, mara 100 kila sekunde. Miaka zaidi ya ishirini. Na waya wake wa masi, ule unaorudi kwenye chuma, ulikuwa na kutu ya kijani. Tuliusugua kwa msasa kabla ya kitu kingine chochote, tukajaribu tena, kwa sababu waya haununuliwi. Ikakata vilevile. Basi ndipo nikatoa dola 30 za moduli ya gari lililovunjwa, Mzee akapaka losheni mpya tabaka jembamba, akaifunga. Ilikuwa mwaka 2019. Haijakata tena.

Tangu hapo majirani wananiletea maswali kana kwamba mimi ni fundi, na nimejifunza kwamba watu wengi wanalaumu vitu vikubwa. Jirani aliyetoka Uvira na gari lake la zamani la kabireta, linalochanganya petroli na hewa bila kompyuta, alisikia kwamba Bukavu inaua injini. Kuna chembe ya ukweli: Uvira, ufukweni mwa Tanganyika, iko kama mita 773 juu ya bahari, ukifika huku umepanda karibu mita 700 zaidi, na hewa yetu ina mgandamizo pungufu, karibu asilimia 15 chini ya ule wa usawa wa bahari. Kabireta haijui hilo. Inaendelea kumimina petroli ya Uvira kwenye hewa ya Bukavu, moshi unakuwa mweusi, buji zinashika masizi, relanti inakohoa. Kurekebisha skrubu za kabireta kulimaliza kelele zote. Gari la kompyuta kama langu linajipimia lenyewe, kwa hiyo ukiniambia Carina yako inazima kwa sababu ya milima, nitakuuliza maswali mawili ya Mzee.

Mwingine, mwendesha teksi, gari lake lilikuwa linakufa njaa ya kweli: linaruka, linavuta, linaacha, linavuta tena. Alikuwa ananunua kwa kadhafi. Ndivyo tunavyowaita vijana wanaouza petroli barabarani kwenye mabidoni na chupa, jina la yule kiongozi wa Libya aliyekuwa na mafuta mengi. Wengi wao ni waaminifu, nami hununua kwao. Lakini nilimwambia ajaze chupa angavu, aiache imetulia usiku kucha. Asubuhi chini kulikuwa na matone yaliyojikusanya kama shanga, yasiyochanganyika. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na chini ya tanki ndiko pampu inakonyonya. Tanki likatolewa na kuoshwa, chujio likabadilishwa. Chujio lenyewe ukilipuliza kwa mdomo lilikuwa halipitishi pumzi.

Daftari linakaribia kuisha kurasa, ingawa siku hizi mistari ni michache. Wa mwisho ni wa Mudaka, tukielekea Kavumu kwenye kilio. Gari lilianza kutikisika, likavuta, likaacha, likasimama pembeni ya wauza ndizi. Mke wangu akanitazama. Nikashuka kama daktari. Nikafungua boneti, nikatoa waya wangu, TE1 na E1, nikarudi kutazama taa: ikapepesa mfululizo bila kupumzika, maana yake gari halina malalamiko yoyote yaliyoandikwa. Nikaunganisha FP na +B, pampu ikalia, ila mlio wake ulikuwa wa juu, kama nzi ndani ya kopo. Nikabana mipira. Nikagusa moduli, ilikuwa vuguvugu tu. Kijana mmoja aliyekuwa amekaa juu ya bidoni alinifuatilia muda wote huo, mkono shavuni. Mwishowe akainuka, akagonga tanki kwa kidole chake, akasikiliza, akaniuliza kwa heshima zote:

"Papa, esansi iko?"

Mshale wa petroli ulikuwa umeganda kwenye robo, pengine tangu Jumanne. Alinimiminia kutoka kwenye chupa angavu. Niliinua moja kuelekea jua nikaitazama chini, naye akanisubiri bila kukasirika. Mke wangu alikuwa ameshatoa daftari kwenye kisanduku na ameanza kuandika mwenyewe, kwa mwandiko wake mkubwa: "Jumamosi, Mudaka. Imekufa pole pole. Njaa. Lita tano."

Gari likawaka palepale. Akaongeza na hilo.